Bomba Moja, Madumu Ishirini: Kwa Nini Faiba Ina Kasi na Simu ya Video Bado Inakwama

Mtu akishavutiwa faiba nyumbani hapa Kigoma, iwe Gungu, Katubuka au Ujiji, hutegemea kwamba habari za intaneti kukwama zimekwisha. Amelipia Mbps 50, amepima akaona 48, moyo umetulia. Jioni anampigia mdogo wake aliye Dar es Salaam simu ya video: sura inaganda, sauti inakuja vipande vipande kama redio yenye betri za kufa. Anapima tena, 48 ile ile. Hapo ndipo ushauri unapomiminika. Mmoja anasema kampuni inaiba kasi, mwingine anasema ruta imechoka, wa tatu anataka kifurushi kipandishwe hadi Mbps 100. Fundi wa mtaani anamwambia aingie kwenye ruta awashe QoS, yaani mpangilio wa vipaumbele, aipe simu yake nafasi ya kwanza. Anaiwasha. Hakuna kinachobadilika.

Mara nyingi wote wanne wamekosea, kwa sababu wanazungumzia kasi na wakubwa wa foleni, wakati kinachoumiza ni foleni yenyewe: ina urefu gani, na imejipanga uani kwa nani.

Tuanze na maneno yenyewe. Kasi, ile ya Mbps, ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja. Ni upana wa bomba. Na kwa kuwa herufi zake hupotosha wengi: Mbps 50 ni megabiti, si megabaiti, kwa hiyo faili lako linashuka kwa takriban megabaiti 6 kila sekunde. Ucheleweshaji ni kitu kingine kabisa. Ni muda ambao pakiti moja, yaani kifungu kidogo cha data kisichozidi baiti 1,500 kwa kawaida, hutumia kwenda na kurudi. Hupimwa kwa milisekunde, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Bafa ni sehemu ya kusubiria ndani ya kifaa: pakiti zikija nyingi kuliko zinazoweza kutoka, huwekwa humo kwa zamu.

Simu ya video haihitaji bomba pana. Megabiti 2 hadi 4 zinatosha kabisa, na simu ya sauti pekee haifiki hata robo ya megabiti. Inachohitaji ni pakiti zake zifike upesi na kwa mwendo usioyumba. Kwa mazungumzo, ucheleweshaji wa safari ya upande mmoja ukibaki chini ya milisekunde 150 watu hawausikii. Ukizidi hapo sana, mnaanza kukatizana maneno.

Sasa jiulize safari ya kawaida ni ndefu kiasi gani. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi hapa mwisho wa reli ina kama kilomita 1,250. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata faiba ingefuata reli hatua kwa hatua, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 12 na ushei. Ongeza vifaa vya njiani, ongeza mzunguko wa njia, bado ni makumi ya milisekunde. Kwa hiyo ukipima ukakuta 600, umbali hauwezi kubeba lawama yote. Sehemu kubwa ya muda huo pakiti yako ilikuwa imesimama mahali inasubiri.

Iliposubiri ni kwenye bafa, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kisanduku cha faiba kina bafa ya megabaiti 1 upande wa kupakia, na kasi yako ya kupakia ni Mbps 10. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kuitoa yote kwa Mbps 10 kunachukua sekunde 0.8. Simu ya kijana sebuleni inapoanza kupeleka picha na video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, inajaza bafa hiyo mara moja na kuiacha imejaa. Kila pakiti ya sauti yako inaingia mkiani na kukaa milisekunde 800. Na huo upakiaji haudhuru simu ya video tu. Hata kupakua kunalegea, kwa sababu kila data inayoshuka inadai risiti ndogo irudi juu, na risiti hizo zimekwama kwenye foleni ile ile.

Picha inayofaa hapa ni bombani. Bomba moja la mtaa, maji yanatoka vizuri. Anakuja mtu na mkokoteni wa madumu 20. Nyuma yake mtoto ana jagi la lita moja. Jagi linajaa kwa sekunde chache, lakini mtoto atasubiri madumu yote 20 kwa sababu tu alichelewa kufika. Kuongeza kasi ya bomba mara mbili kutampunguzia kusubiri, ila mwenye mkokoteni naye siku hizi anakuja na madumu 40. Ndivyo programu za kupakua na kupakia zilivyoundwa: zinaongeza mwendo hadi zigonge ukingo, zinajaza nafasi yoyote zinayoipata. Hakuna kifurushi kinachozishibisha.

Mtaa wenye adabu una dawa ya zamani: jaza dumu moja, pisha, rudi nyuma ya mstari. Mwenye 20 bado atajaza yote 20. Mwenye jagi anapita baada ya dumu moja au mawili. Hakuna aliyetangazwa kuwa mkubwa, na hakuna aliyekaguliwa amebeba nini.

Hiyo ndiyo kazi ya programu iitwayo fq_codel na mdogo wake aliyekuja baadaye, CAKE. Wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha wazo la CoDel mwaka 2012: usipime foleni kwa urefu wake, pima pakiti imekaa muda gani. Ikiwa pakiti zinakaa zaidi ya milisekunde 5, na hali hiyo imedumu kwa milisekunde 100, anza kudondosha chache. Kudondosha si ukatili. Mtumaji akiona pakiti haikujibiwa anapunguza mwendo, na foleni inafupika. Mwandishi wa programu Eric Dumazet akaongeza upande wa kugawa zamu, kila mawasiliano na mstari wake, ikawa fq_codel. CAKE iliingia rasmi kwenye Linux toleo la 4.19 mwaka 2018, na inaweza kugawa zamu kwa kifaa badala ya kwa mawasiliano. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu kompyuta moja inayopakua kwa torenti, yaani kuchota faili vipande vipande kutoka kwa watu wengi, hufungua mawasiliano hamsini na kudai zamu hamsini.

Hapa pana sharti ambalo wengi hulikosa, na ndilo linalomfanya yule jamaa wa mwanzo awashe QoS bila faida. Huwezi kupanga foleni isiyo uani kwako. Foleni hujikusanya penye wembamba, na wembamba uko kwenye kisanduku cha faiba au kwenye mitambo ya kampuni, si kwenye ruta yako. Ruta inatoa pakiti kwa Mbps 1,000 kupitia kebo, haioni msongamano wowote, basi haina cha kupanga. Kipaumbele ulichoipa simu yako kinafanya kazi kwenye foleni tupu.

Dawa yake inawaudhi watu wakiisikia mara ya kwanza: punguza kasi kwa makusudi. Iambie ruta ipitishe asilimia 90 ya kasi halisi. Ukishafanya hivyo, pembamba pa njia nzima panakuwa ndani ya ruta yako, foleni inahamia uani kwako, na sasa unaweza kuitawala. Unapoteza Mbps 5 kati ya 50 na kupata simu isiyoganda siku nzima. Mimi naona ni biashara nzuri. Anayetaka kuonyesha wageni namba kubwa kwenye kipimo aiache.

Kabla ya kugusa chochote, pima, maana si kila mkwamo ni foleni hii. Chukua laptopu, ichomeke kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, zima waifai yake. Kwenye Windows fungua dirisha la amri mara mbili. La kwanza andika ping -t 192.168.1.1, au anwani yoyote iliyobandikwa chini ya ruta yako. La pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Acha nusu dakika nyumba ikiwa imetulia, kumbuka namba ya time, ndiyo milisekunde. Kisha anza kupakia video kubwa mahali popote na uangalie madirisha yote mawili. Fanya hivyo tena kwa kupakua.

Namba ya 8.8.8.8 ikipanda kutoka, tuseme, 40 hadi 500 huku ya ruta ikibaki 1, foleni iko kwenye laini yako na maelezo ya hapa yanakuhusu. Ikipanda kwa chini ya 30, acha kila kitu kama kilivyo. Huna ugonjwa, usinywe dawa. Ikiwa juu kati ya saa mbili na saa nne usiku hata nyumba ikiwa haitumii chochote, msongamano uko kwenye mtandao wa kampuni, na hakuna kitufe cha nyumbani kitakachoufikia. Andika saa na namba, wapelekee. Halafu rudia jaribio kwa waifai. Ikiwa sasa hata namba ya ruta inaruka kutoka 3 hadi 200, mgonjwa ni waifai. Tutafika huko.

Kwenye ruta yenye OpenWrt, programu huria inayowekwa badala ya ile ya kiwandani, kazi ni ya dakika kumi. Sakinisha luci-app-sqm (SQM ndiyo upangaji huu wa foleni), nenda Network kisha SQM QoS. Chagua kiolesura cha nje, kwa kawaida wan, au pppoe-wan kama unaingia kwa jina na nywila. Namba zinaandikwa kwa kilobiti: kipimo kikikupa 48 kushuka na 19 kupanda, weka 43000 na 17000. Kwenye foleni chagua cake na skripti piece_of_cake.qos. Kwenye ukurasa wa Link Layer chagua Ethernet na uweke 44, ambayo ni makadirio salama ya baiti za ziada zinazobebwa na kila pakiti. Ukitaka usawa kwa kila kifaa, fungua chaguo za juu, andika nat dual-dsthost ingress upande wa kushuka na nat dual-srchost upande wa kupanda. Zima flow offloading, la sivyo pakiti zitachepuka bila kupita kwenye SQM. Pima upya. Ping ikitulia, pandisha namba kidogo kidogo hadi ianze kuyumba, kisha rudi hatua moja. Anza na upande wa kupakia, ndio mwembamba na ndio unaoleta kero nyingi.

Wenye ruta za MikroTik, na mafundi wa waifai ya vocha wengi wanazo, wanahitaji toleo la 7 la RouterOS, programu inayoziendesha. Kwenye Queues tengeneza aina mpya ya foleni ya cake au fq-codel, kisha Simple Queue moja yenye shabaha ya mtandao wa ndani, kwa mfano 192.168.88.0/24, Max Limit 17M kupanda na 43M kushuka, na aina ile ya foleni pande zote mbili. Zima kanuni ya FastTrack kwenye Firewall. Ikibaki, mawasiliano mengi yanairuka foleni yako na utalaumu CAKE bure. Wapo wanaompa kila mteja Mbps 2 zisizobadilika wakidhani ndiyo haki. Hiyo ni kuwafungia watu bomba saa sita usiku wakati hakuna anayechota. Gawa zamu, usigawe mabomba.

Ruta za dukani zenye menyu ya QoS zina sehemu ya kuandika kasi ya jumla, na hapo ndipo zinapoharibika: mtu anaacha namba ya kiwandani, labda 1,000, au anaandika ya kwenye kifurushi badala ya iliyopimwa. Andika asilimia 85 hadi 90 ya kipimo. Baadhi ya ruta hizo zina vipaumbele tu bila ugawaji wa zamu. Hata hivyo namba sahihi itazisaidia kidogo kuliko bure.

Kisanduku kilicholetwa na kampuni, kile mafundi hukiita ONT, mara nyingi ni ruta pia. Ukiweka yako nyuma yake, omba wakiweke katika hali ya bridge ili ruta yako ndiyo iingie mtandaoni. Wakikataa, chomeka vivyo hivyo: shughuli nyingi zitafanya kazi. Ila hakikisha waifai ya ONT imezimwa. Kijana akiijua nywila yake, atapakia picha kwa mlango wa nyuma na foleni itarudi kulekule.

Basi kipaumbele chenyewe kina kazi gani? Kidogo kuliko kinavyosifiwa. Hakiongezi kasi, kinaamua nani asubiri. Ukivipa vifaa vyote nafasi ya juu, umerudi mwanzo. Alama za kipaumbele unazobandika kwenye pakiti, kama ile ya sauti yenye namba 46, kwa kawaida haziheshimiwi zikishatoka nje ya nyumba yako. Panapofaa ni kwenye laini nyembamba. Kwa Mbps 1 za kupakia, pakiti moja ya baiti 1,500 inachukua milisekunde 12 kupita, na pakiti tano tu mbele ya sauti yako ni 60. Hapo mpe mwenye sauti atangulie. Kwa Mbps 100 pakiti hiyo inapita kwa sehemu ya 8 ya milisekunde moja; zamu za haki zinatosha.

Ndiyo maana laini zenye kasi sana, kuanzia Mbps 300 kwenda juu, zina matatizo ya namna nyingine. La kwanza ni nguvu ya ruta. Kupanga foleni ni kazi ya prosesa, na ruta nyingi hufikia gigabiti kwa njia ya mkato ya chipu ambayo SQM inailazimisha kuzimwa. Ukiwasha SQM kwenye ruta dhaifu unaweza kushuka kutoka 500 hadi 150. Angalia matumizi ya prosesa wakati wa kipimo: yakigonga 100 kwa mia, umefika mwisho wake. Hapo unanunua ruta yenye nguvu, au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 inayokaribia gigabiti, au unawasha SQM upande wa kupakia peke yake. Hili la mwisho halina gharama na mara nyingi ndilo jibu.

Tatizo la pili ni kwamba kwa kasi hizo wembamba unahama tena, sasa unakwenda hewani. Waifai ya 2.4 GHz kwenye nyumba yenye kuta za tofali za kuchoma ikikupa Mbps 30 chumbani, foleni inajipanga kwenye antena, na SQM ya Mbps 450 mlangoni haiioni. Waifai inagawana muda wa hewa. Simu moja ya zamani iliyo mbali, inayoongea polepole, inakula muda wa wote. Chomeka runinga na kompyuta ya mezani kwa kebo, maana vitu visivyohama havina sababu ya kukaa hewani. Laptopu ya mikutano ipeleke 5 GHz. Ruta itoe kabatini, nyuma ya runinga na karibu na friji. Iweke juu, katikati ya nyumba. Kwa 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani.

Wanaotumia ruta za laini ya simu wana mtihani mgumu zaidi. Kasi yao inabadilika kila saa kulingana na mnara, kwa hiyo asilimia 90 ya kipimo cha asubuhi inaweza kuwa mara mbili ya kasi ya usiku, na foleni inarudi kwenye mnara. Ama uweke namba ya saa mbaya kabisa na uridhike nayo, ama utumie cake-autorate kwenye OpenWrt, skripti inayopima ucheleweshaji muda wote na kupandisha au kushusha kikomo yenyewe. Zile programu za simu zinazojiita za kuongeza kasi ya intaneti haziwezi kuipanga foleni ya ruta yako. Zifute.

Vifurushi visivyo na kikomo navyo vina mtego. Baadhi hupunguzwa kasi ukishavuka kiasi fulani cha matumizi. Laini ikishushwa hadi Mbps 10 huku SQM ikiamini ni 43, foleni imetoka uani kwako na kero zimerejea siku hiyo hiyo. Kinyume chake ni kibaya vilevile: ukipanda kutoka kifurushi cha 50 hadi cha 100 na kusahau ile 43000, utalipia 100 na kupata 43, na kampuni haitakuwa na kosa. Bandika karatasi chini ya ruta yenye namba mbili ulizoweka, za kushuka na za kupanda, pamoja na tarehe ya kipimo.